Kabla hujawapeleka wapenzi wako kwenye theluji

Mwanangu Zuhura,

Salaam aleikum. Hadithi yako nimeisoma hadi mwisho. Mwinyi na Saida wananipendeza, ila hiyo fungate yao ya Tromsø, kaskazini mwa Norwe, umeiandika kwa upepo wa ufukwe wa Mama Ngina, Mombasa.

Umewaketisha kilimani mwezi wa Desemba, watazame jua likitua. Kule, tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari, jua halichomozi. Adhuhuri mbingu hupata mwanga wa samawati saa chache, kisha giza. Mwanga huo ndio uutumie: Saida amezoea adhana ya magharibi kuingia kwenye saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, kule atapotewa na hesabu ya siku.

Baridi ikishuka nyuzi 15 chini ya sifuri, theluji hulia kiatuni, kwi, kwi, kama wanga mkavu ukiubana vidoleni. Tena haishikani, kwa hiyo lile tonge analorusha Mwinyi halifinyangiki. Wacheze siku baridi iliyokaribia sifuri.

Fulana ya pamba mvue Saida. Akipanda kilima atatoka jasho, pamba italishika, na akisimama tu atatetemeka. Mwilini sufu, juu yake sweta, kisha jaketi la kuzuia upepo. Viatu visimbane; damu isipofika vidoleni, hata soksi tatu ni bure.

Kilichonikera ni Mwinyi kumsugua vidole kwa theluji. La! Ngozi iliyoganda ukiisugua unaiumiza zaidi, na ukiisogeza motoni itaungua mwenyewe asisikie. Vikiwa na ganzi tu, avitie kwapani mwake, ndani ya jaketi, wangoje kimya. (Hapo pana mapenzi kuliko busu lako la ukurasa mzima.) Vikiwa vyeupe na vigumu kama nta, ni maji ya nyuzi 37 hadi 39, kama nusu saa, kisha daktari. Damu ikirudi vitawaka kama pilipili, na Saida atalia.

Jiko la kuni nalo: dohani ikiwa baridi hurudisha moshi chumbani. Mwinyi aipashe kwanza kwa gazeti linalowaka, ndipo awashe vijiti vikavu. Wala asizibe hewa ili walale na joto. Gesi ya moto uliobanwa haina harufu, ndiyo ileile ya jiko la makaa kwenye chumba kilichofungwa.

Simu ikae mfuko wa ndani. Betri ikipoa huzima ghafla, na sura yako ya 6 yote inangoja simu hiyo ilie.

Mamako