Barua ya malalamiko: gundi "isiyo na maji" na wino wa stensili mlioniuzia

Chang'ombe,
DODOMA.
18 Agosti, 2025.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
DAR ES SALAAM.

Ndugu Meneja,

YAH: GUNDI NA WINO VILIVYOHARIBU KADI 140 ZA HARUSI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu tangu mwaka juzi. Ninatengeneza kadi za mwaliko, bahasha za michango na mifuko ya zawadi hapa nyumbani, juu ya meza ambayo mchana ni ya kazi na usiku ni ya chakula. Tarehe 14 Julai niliagiza kwenu chupa mbili za gundi kwa shilingi 16,000 kila moja, na chupa nne za wino wa stensili, mbili za kijani na mbili za dhahabu, kwa shilingi 11,000 kila moja. Mzigo ulikuja kwa basi, nikalipa 5,000 kuukomboa. Jumla 81,000, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo.

Hasara ni hasara, fundi anaizoea. Kilichonifanya niandike ni jibu nililopewa na kijana wenu wa simu nilipopiga kulalamika: "Mama, hiyo ni hali ya hewa ya huko Dodoma. Ukavu na upepo. Huku Dar wateja hawalalamiki." Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa. Kisha nikajiuliza swali ambalo sasa nawauliza ninyi. Chupa imeandikwa "Gundi maalumu ya karatasi, haina maji, haikunji." Kama haina maji, upepo wa Dodoma ulikausha nini?

Niwaeleze kazi ilivyokuwa, maana naona mnauza vitu hivi bila kumwona anayevitumia.

Oda ilikuwa kadi 250 za harusi ya tarehe 9 Agosti. Kamati ilitaka kadi ya manila ya gramu 250, rangi ya damu ya mzee, na juu yake ibandikwe karatasi ya krimu ya gramu 120 yenye maneno ya mwaliko. Pembezoni mwa krimu kuwe na majani ya mzabibu ya kijani, kwa sababu bwana harusi ni wa familia ya wakulima wa zabibu, na ukingo wa manila upakwe dhahabu. Maneno nilichapisha steshenari kwa mashine ya leza. Stensili ya majani, yaani kiolezo chenye matundu ya kupitishia wino, niliichonga mwenyewe kwenye picha kuukuu ya eksirei iliyolowekwa kwenye jiki mpaka mifupa ya mwenyewe ikafutika. (Siwatanii, ni plastiki nzuri kuliko zile stensili mnazouza: haikunjiki na inasafishika.)

Gundi nyeupe ya kawaida, ile ya maji, naijua miaka yote. Nilianza kazi hii mwaka 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni, nikawa nakunja mifuko ya kaki kwa ajili ya maduka ya Majengo. Siku hizo nilitumia uji mzito wa ngano, kama bibi yangu wa Kondoa alivyotugandishia tiara, hadi mende walipoigeuza stoo kuwa mgahawa. Nikahamia gundi nyeupe. Ubaya wake ni mmoja: maji. Karatasi ina mkondo wa nyuzi kama ubao. Ikipata maji, nyuzi zinanenepa, karatasi inatanuka zaidi kwa upande wa kukatisha mkondo, na ikikauka inajivuta kurudi. Karatasi nyembamba ikiwa imeshikamana na nene, hazirudi kwa mwendo mmoja, na hapo kadi hujikunja kama chapati iliyosahauliwa juani. Dawa yake ipo. Unapaka gundi nyembamba kwa kipande cha kadi, sio kumwaga. Unalinganisha mikondo ya karatasi zote mbili. Unalaza kazi chini ya uzito hadi kesho yake. Mimi natumia matofali mawili niliyoyafunga kwa magazeti.

Kwa kadi 250 matofali mawili hayatoshi. Ndiyo maana nikanunua gundi yenu kwa bei mara tatu ya ile ya Majengo. Nilinunua lile neno "haina maji." Nilidhani ni gundi ya mpira, ile inayoyeyushwa kwa kemikali inayoruka hewani, ambayo kweli haikunji karatasi, ingawa ina harufu na baada ya miaka huacha doa la manjano. Kwa kadi ya harusi miaka si shida yangu. Harufu nilijiandaa nayo, nikafungua madirisha. Nilipofungua chupa sikusikia harufu yoyote kali, na hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka.

Jumamosi tarehe 19 Julai, saa tatu asubuhi, nilijaribu kadi moja. Nikaisubiri saa nzima. Ikalala vizuri, nikaanza.

Dhahabu ilinishinda palepale. Kwenye chupa mmeandika "wino mzito wa stensili, unafaa kwa karatasi za rangi zote." Nilipogusisha sponji kwenye ukingo wa damu ya mzee, uling'aa kidogo ukiwa mbichi, kisha ukanywewa na manila kama maji ya kunawa. Likabaki vumbi la kumetameta lisilo na rangi chini yake. Nikauweka pembeni, nikamalizia kingo kwa kidau changu cha zamani cha dhahabu ambacho nilikuwa nakibania. Kwa hilo nilipoteza saa moja tu, silikuzi.

Kijani ndicho kilichonidanganya, kwa sababu kwenye krimu kilionekana kizuri. Kilikuwa chepesi mno, kinapenya chini ya stensili na kuotesha majani ndevu. Nikajilaumu mkono. Nikapunguza wino, nikawa naidonadonesha sponji kwenye gazeti kwanza mpaka ibaki karibu kavu, nikagusa kwa wima bila kusugua, kutoka nje kuingia ndani. Ndevu zikaisha. Binti wa jirani akanisaidia kubandika. Hadi saa nne usiku tulikuwa na kadi 140 mezani, kwenye kochi na juu ya friji.

Jumapili asubuhi, nikiwa nimeshavaa kwenda kanisani, nikawasha taa ya sebuleni. Kadi zote zilikuwa zimejipinda, kona juu, kama zinaomba dua. Lakini kupinda ningekukabili kwa matofali na pasi. Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikuwahi kuliona: kila jani la mzabibu lilikuwa limezungukwa na ukungu wa kijani, na palipopita mstari wa gundi kwa nyuma, kijani kilikuwa kimetambaa kuufuata. Maneno ya mwaliko hayakusogea hata herufi moja, kwa sababu wino wa leza ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi kwa joto. Majani ndiyo yaliyohama.

Hapo nikaelewa kuwa bidhaa zenu mbili zilikutana ndani ya karatasi yangu na kutoboleana siri. Wino wa chembe, ule wenye fani wanaouita wa pigimenti, chembe zake hukaa juu ya karatasi zikiwa zimefungwa na gundi yake yenyewe. Unafunika, unaonekana hata kwenye karatasi nyeusi, na ukikauka sawasawa maji hayaubebi. Wino wa rangi iliyoyeyuka huzama ndani ya nyuzi. Unakauka upesi na unapendeza kwenye karatasi nyeupe, ila juu ya karatasi ya giza hauonekani, na aina nyingi zikiguswa na maji hufufuka na kuanza safari. Mlichoniuzia ni huo wa pili, ndani ya chupa iliyoandikwa sifa za ule wa kwanza. Na kilichoufufua ni maji ya gundi "isiyo na maji," yaliyopenya kutoka nyuma ya krimu.

Sikutaka kuwashutumu kwa hisia, kwa hiyo nilijaribu. Gundi yenu kijiko kimoja niliikorogea kwenye kikombe cha maji: ikachanganyika mara moja, ikawa kama maziwa. Gundi ya mpira haifanyi hivyo, hujitenga na maji. Kijiko kingine nilikiacha kwenye kizibo dirishani siku mbili. Kikabaki kiwambo chembamba kinachopitisha mwanga, chini kabisa ya kizibo. Kilichoondoka ni kingi kuliko kilichobaki, na kilichoondoka hakikuwa na harufu. Wino wa kijani niliupaka kwenye krimu, nikauacha siku tatu ukauke, kisha nikadondosha tone la maji. Ndani ya dakika tone likawa na pete ya kijani. Kidau changu cha zamani, jaribio lilelile, tone lilibaki tone. Karatasi hizo za majaribio nimezibandika nyuma ya barua hii, kwa selotepu ya pande mbili, sio kwa gundi yenu.

Kuhusu Dodoma, nampa kijana wenu nusu ya haki. Mwezi wa saba hapa hakuna mvua, upepo ni mkavu, na gundi ya maji hujifunga ngozi kabla hujageuka. Gundi za kijiti hapa hazidumu, ukisahau kifuniko kesho umepata chaki. Masika mambo yanakuwa mengine, wino unachelewa kukauka na unalazimika kusubiri. Haya tunayajua, tunaishi nayo, na kila fundi wa karatasi mjini hapa anapanga kazi yake kwa kuyatazama. Hali ya hewa inaweza kuharakisha kosa lililomo kwenye chupa. Kulitia ndani ya chupa haiwezi.

Nami kosa langu nalisema. Kwa bidhaa ngeni, saa moja haitoshi. Kadi ya majaribio ilipaswa kulala hadi kesho yake. Kwa sababu hiyo, punguzo la 100,000 nililompa mteja wangu kwa kumchelewesha siku tatu silidai kwenu, wala posho ya mabinti wawili waliokesha nami siku mbili kurudia kazi. Mama wa bibi harusi alizipokea kadi bila neno baya, akahesabu moja moja hadi 250, akasema tu, "Mwanangu, ungeniambia mapema." Heri angenigombeza.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie 81,000 ya bidhaa na usafiri. Mnilipe karatasi zilizoharibika: manila karatasi kubwa 70 kwa 700 kila moja, ni 49,000; krimu karatasi kubwa 35 kwa 400, ni 14,000; uchapaji wa karatasi hizo 35 kwa 500, ni 17,500. Jumla yote ni shilingi 161,500. Chupa zilizobaki, mbili za dhahabu zikiwa karibu nzima, nitazirudisha kwa basi kwa gharama zenu.

La pili halina bei, na kwangu ndilo kubwa. Chupa zenu hazina jina la kiwanda wala tarehe, na chini ya lebo yenu kuna mabaki ya lebo nyingine iliyobanduliwa. Ni wazi mnanunua madumu na kupimia kwenye chupa ndogo. Sina ugomvi na hilo, hata mafuta ya kula tunapimiwa. Lakini anayepima mafuta ya alizeti haandiki samli. Andikeni kilichomo: gundi ya maji au ya kemikali, wino wa chembe au wa kuyeyuka, unafaa karatasi gani na haufai ipi. Mstari mmoja tu. Gundi yenu si mbaya, nimeshaitumia tangu hapo kubandika mifuko ya kaki na imeshika vizuri. Kijani nacho ni kizuri kwa kadi ambayo haitaguswa na unyevu. Ningevinunua tena kwa majina yake halisi na kwa bei yake halisi.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Kimya kikizidi hapo nitapeleka nakala, risiti na chupa moja ya kila aina Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Ningependelea tumalizane wenyewe, maana Desemba harusi ni nyingi na nitahitaji wino.

Tafadhali msinijibu kwa simu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi kadi, Chang'ombe.

Viambatisho: nakala ya risiti, picha nne za kadi, karatasi tatu za majaribio, na kadi moja nzima iliyojipinda. Hiyo msiinyooshe, iacheni ilivyo mezani kwa meneja.