Barua kwa Mpwa Wangu Anayepanga Ibada za Mwaka

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenieleza kwamba wazee wa ushirika wenu huko upande wa Sikonge wamekukabidhi kazi ya kupanga mada za ibada kuanzia Majilio, yaani majuma ya kungoja Krismasi, na kwamba umekwisha kuandika mada 52 kutoka kichwani mwako. Nakuomba uiweke kando orodha hiyo kwa muda. Nami niliwahi kupewa kazi hiyo hapa Tabora mjini, nikaifanya kama ulivyoifanya wewe, na ulipofika mwezi wa Agosti mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama Injili ina habari nyingine zaidi ya utoaji, kwa kuwa tulikuwa tumeuhubiri Jumapili tisa mfululizo. (Tulikuwa tunaezeka kanisa, nami ndiye niliyekuwa mweka hazina; utanielewa.) Tangu siku ile naishukuru kalenda ya kanisa, maana humzuia mtu kama mimi kuwahubiria wengine haja zake.

Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, wakati ambapo kwetu mvua za kwanza zimekwisha kunyesha na watu wako mashambani. Mkulima aliyefukia mbegu yake ya mwisho, akabaki kutazama mawingu, hahitaji kufafanuliwa maana ya kungoja. Mpe Isaya, mpe Yohana Mbatizaji, umkumbushe kwamba Majilio husema pia juu ya kurudi kwa Bwana, wala si hori la ng'ombe peke yake. Kwaya itakusumbua ikitaka kuimba nyimbo za Krismasi mapema. Ishikilie hadi mkesha.

Kwaresima ndiyo inayotaka uangalifu mkubwa. Siku zake 40, ukiziacha Jumapili, huanza Jumatano ya Majivu na huangukia mara nyingi Februari na Machi, yaani katika miezi ile ile ambayo ghala za wengi zimepungua huku mahindi mapya yakiwa bado mabichi. Utasimamaje mbele ya mama ambaye watoto wake wanakula mlo mmoja, umhimize kufunga? Fungua Isaya 58, ambako Bwana anasema kwamba saumu aliyoichagua ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, kisha uelekeze neno hilo kwa sisi wenye mishahara na maduka. Mwaka ambao tulifanya hivyo, debe za mahindi zililetwa kanisani bila mtu kutangaza jina lake.

Pasaka huhama kwa kufuata mwezi mpevu, kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Vitabu vingi vya mahubiri vilivyotoka Ulaya huifananisha na maua yanayochanua baada ya baridi, mfano ambao kwetu haumgusi mtu; hapa mvua zinaelekea ukingoni na chakula kipya kinaanza kuingia majumbani. Sisi Wamoravian tuna urithi wetu wa ibada ya alfajiri makaburini, iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Usikubali ihamishiwe ndani ya kanisa eti kwa sababu ya umande. Majina ya waliolala tangu Pasaka iliyopita yasomwe pale pale walipolala, jua likichomoza.

Baada ya Pentekoste na Jumapili ya Utatu unafuata msimu mrefu ambao vitambaa vya madhabahuni huwa vya rangi ya kijani, ingawa nyasi zetu wakati huo zimekauka kabisa. Chagua kitabu kimoja cha Biblia ukifuate sura kwa sura. Tarehe 13 Agosti tu ndiyo usiipite haraka: siku hiyo mwaka 1727 watu wa Herrnhut, waliokuwa wamegombana kwa muda mrefu, walipatanishwa kwenye meza ya Bwana. Kwenu fedha za tumbaku huwa zimekwisha kupokelewa, na wewe unajua vizuri kuliko mimi ni ndugu wangapi hawasalimiani kwa ajili ya fedha hizo.

Orodha yako usiichane. Zile mada nne za ndoa ni nzuri, nazo zitapata nafasi mwezi wa Julai. Nitafika huko katikati ya Novemba, Mungu akipenda, tukae tuipange upya, niwekee embe.

Mjomba wako,
Tabora