Risala ya Timu ya Besiboli na Softiboli kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wachezaji 24 wa besiboli na softiboli wa shule hii, tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako kumetupa heshima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbilia besi, yaani vituo vya uwanjani, ilianza kufundishwa katika shule za hapa nchini mwaka 2012, kwa ushirikiano na marafiki zetu kutoka Japan. Leo Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, ina uwanja wa mchezo huu, na mashindano yetu ya taifa tunayaita Koshien, jina la uwanja wa Japan uliofunguliwa mwaka 1924 ambako wanafunzi wa sekondari wa huko hukutana kila kiangazi. Pamoja na jina tumepokea desturi. Kabla na baada ya mchezo timu mbili hupanga mstari, hutazamana, huvua kofia na kuinama. Aliyeshinda huinama sawasawa na aliyeshindwa.

Mimi ninayesoma risala hii ni nahodha, na nacheza nafasi ya mdakaji. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji. Uwanja mzima uko mbele yake, na wenzake wanane wote wanamtazama yeye. Nilipopewa unahodha nilidhani hapo ni mahali pa kutolea amri. Mwaka jana, katika mechi ya kirafiki, mwenzetu wa kidato cha kwanza aliangusha mpira uliokuwa rahisi kudaka, tukashindwa. Nilimfokea mbele ya watu. Wiki nzima hakuja mazoezini. Mwalimu wa michezo hakunigombeza. Alinipa daftari la matokeo, akaniambia nihesabu makosa yangu ya msimu ule, maana katika besiboli kila kosa huandikwa. Nilikuta 11. Yule mdogo wangu alikuwa na matatu. Jioni ile nilikwenda kwao, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Leo ndiye anayetulindia besi ya kwanza.

Mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika 10 huhesabiwa hodari popote duniani. Zile 7 nyingine anarudi benchi na kumshangilia anayefuata. Na mara nyingine mwalimu hutoa ishara uuguse mpira taratibu tu, utolewe wewe ili mwenzako asogee besi ya mbele. Mwanzoni tulikuwa tunanuna. Sasa anayetolewa hivyo tunampokea kwa makofi.

Vitabu hatujaviacha. Asiyemaliza kazi za darasani hagusi glavu siku hiyo, na sheria hiyo tulijiwekea wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, glavu tulizonazo ni 9, kiasi cha timu moja. Tunapofanya mazoezi, wanaotoka uwanjani huziacha chini ili wanaoingia wazivae. Mwenzetu anayetumia mkono wa kushoto hana inayomfaa hata moja. Mpira wa besiboli una mishono 108, na ikifumuka, fundi viatu wa sokoni hutushonea kwa uzi wake mweusi bila kutudai hata shilingi. Tunaomba wote mliopo mtusaidie kumpigia makofi.

Nyuma ya mpigaji hatuna wavu, na kofia ngumu ziko mbili tu. Tunaomba utusaidie kupata glavu, wavu na kofia hizo. Ikibidi kuanza na kimoja, tunaomba kofia, kwa sababu mpira huu ni mgumu na tunaowarushia ni wadogo zetu.

Baada ya risala hii tunakuomba ushuke uwanjani uturushie mpira wa kwanza. Tumekuwekea ule ulioshonwa jana, nami nitachuchumaa nikudakie.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Wachezaji wa besiboli na softiboli