Habari za bara kupasuka zitaje kasi

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu habari iliyochapishwa na gazeti lako juu ya kupasuka kwa bara la Afrika. Kichwa chake kilimfanya msomaji adhani bahari itaingia Bonde la Ufa wakati wowote. Mwendo upo, hilo sibishi, lakini habari haikutaja kasi yake, na kasi ndiyo kiini cha jambo lenyewe.

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea juu ya miamba yenye joto kali, laini kiasi cha kujongea polepole. Kwenye Bonde la Ufa, bamba la Somalia, lililobeba upande wa mashariki wa Afrika, linaachana na lile la Nubia, lililobeba sehemu kubwa iliyobaki ya bara, kwa milimita chache tu kwa mwaka. Hata Afrika na Amerika ya Kusini, zilizowahi kushikana, zinaachana kwa sentimita chache kwa mwaka, takriban kasi ya kucha kuota. Bahari ya Atlantiki ilipanuka kwa mwendo wa namna hiyo kwa zaidi ya miaka milioni 100. Mwanasayansi Mjerumani Alfred Wegener alipotoa hoja ya mabara kuhama mwaka 1912 alipingwa sana, maana hakuweza kueleza vizuri nguvu inayoyasukuma. Leo setilaiti zinapima mwendo huo. Kwa nini basi tuuandike kama uvumi?

Napendekeza kila habari ya aina hii itaje kasi kwa mwaka, na ihakikiwe na mwanajiolojia kabla ya kuchapishwa. Nafasi itakayobaki ielezee matetemeko na volkano za kwenye mipaka ya mabamba, ambako wakazi wanahitaji kujua namna ya kujihadhari.

Msomaji wako