Risala ya Wanakikundi wa Kiswahili, Hamburg, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wetu, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Karibu Hamburg. Mvua imekupokea kabla yetu; utusamehe, hiyo haikuwamo kwenye bajeti ya kamati.

Mheshimiwa, asubuhi tulikutembeza Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu. Uliziona winchi zile zilizoning'inia juu kabisa ya kuta. Kila ghala lina mlango barabarani na mlango mferejini, gunia la kahawa likavutwa kutoka mashuani hadi ghorofani. Yalifunguliwa mwaka 1888, Hamburg ilipoingia katika eneo la forodha la Ujerumani na kubakiwa na bandari huru, isiyotozwa ushuru. Tangu 2015 ni urithi wa dunia. Kabla yake hapo waliishi watu wapatao 20,000. Walihamishwa, nyumba zikabomolewa. Hilo halimo kwenye kadi za posta.

Sisi linalotugusa zaidi ni Unguja. Kampuni ya O'Swald ya mji huu ilifungua tawi Unguja mwaka 1849, Wajerumani wakiwa bado hawajafikiria kututawala. Ilikuja kutafuta nini? Kauri! Kete hizi hizi za pwani zilijazwa magunia, zikapelekwa Afrika Magharibi zilikotumika kama pesa, zikanunua mafuta ya mawese ya kutengenezea sabuni na mishumaa Ulaya. Pesa za wenzetu zikiokotwa mchangani kwetu! Mwisho kauri zilizidi mno huko, thamani ikaanguka.

Mwaka 1859 Sultani Majid aliwekeana mkataba wa biashara na Hamburg, Bremen na Lübeck, miji ya Hansa, ule umoja wa zamani wa miji ya biashara. Mwaka 1867 nduguye, Bibi Salme, alifika hapa akiwa mke wa mfanyabiashara Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, bibi akabaki na watoto watatu wadogo katika baridi hii unayoisikia.

Mheshimiwa, nyaraka za O'Swald zimo katika Hifadhi ya Nyaraka ya hapa Hamburg. Kijerumani tunakijua, ila mwandiko wa zamani unatushinda. Herufi zote kama miiba ya samaki. Kwa kuwa Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, tunaomba utusemee tupate mwalimu wa mwandiko huo, japo kwa miezi mitatu. Chumba tunacho, na chai tutapika wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.