Barua kwa Mwanangu: Nani Anakuuliza?

Mwanangu,

Sisi hatujambo, ukiacha magoti ya mama yako. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unaniwahi. Unasema "sawa baba, nimekuelewa" kabla sijafika kwenye neno lenyewe, na safari hii nataka nilifikie.

Juzi jioni nilipigiwa simu na mama mmoja nisiyemjua. Namba yangu aliipata kwenye risiti yako, zile za mwanzo ulizoandika namba yangu kama ya akiba. Akanisalimu, akauliza hali ya nyumbani, mtu mwenye adabu kabisa, ndipo akasema anamtafuta fundi wa mapazia. Alitoa advansi wiki sita zilizopita na sasa ni siku ya nne simu yako haipatikani. Hakugomba. Laiti angegomba. Nikajikuta namwambia, "Hayupo karibu, lakini nitamfikishia."

Mama yako aliuliza ni nani, nikasema mtu kakosea namba. Hilo neno "hayupo" wewe unalijua kuliko yeyote katika nyumba hii. Sina haja ya kukukumbusha ulilisema mara ngapi pale mlangoni, wala ulikuwa na umri gani. Tuendelee.

Nani anakuuliza? Ulipoacha kazi ulituambia kwa furaha kwamba sasa huna bosi. Nilifurahi nawe, na niliwatangazia watu hata ambao hawakuniuliza. Nikitazama mapazia uliyotushonea sebuleni, mshono umenyooka kama umepigwa rula, najua mikono hiyo hukuitoa kwangu. Lakini mtu asiye na bosi amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumuuliza kwa nini kachelewa, naye ni yeye mwenyewe, ambaye sababu zote anazijua na zote anazikubali.

Sasa advansi. Pesa ya advansi si pesa yako. Siku unapoipokea hujapata kitu, umekopa. Kwenye vitabu vya hesabu inakaa upande wa madeni mpaka pazia linapotundikwa, ndipo inahamia kwenye mapato. Najua inavyokuwa. Mteja analeta advansi, unaitumia kununua kitambaa cha aliyemtangulia, kwa sababu advansi ya huyo aliyetangulia ililipia kodi ya chumba. Wa pili anamfunika wa kwanza, wa tatu anamfunika wa pili. Mambo yanakwenda, hata watu wanakuona una kazi nyingi, mpaka ifike wiki ambayo mteja mpya haingii. Hapo ndipo simu inapozimwa. Mara nyingi anayeizima si mwizi, ni mtu aliyechoka kuona aibu. Ila aliye upande wa pili hana namna ya kujua tofauti, na wala si kazi yake kuijua.

Paa letu limeanza tena kuvuja, upande wa chumba chako. Mama yako anasema ni misumari. Mimi nadhani yale mabati hayakununuliwa kwa pesa iliyotulia. Yaliingia mwaka ule karakana yangu ilipokuwa na oda nyingi na mbao chache. Unaelewa. Nitatafuta fundi wa kulipanda, mimi ngazi siiwezi tena.

Fungua akaunti ya pili, au laini ya pili ya kupokelea pesa, iwe ya advansi peke yake. Ukitoa humo, utoe kwa ajili ya kitambaa na uzi wa mteja yule yule aliyelipa. Na ujilipe mshahara, tarehe moja, kiasi kimoja, hata kikiwa kidogo cha kukuchekesha. Usichote kwenye droo leo kwa nauli, kesho kwa chakula. Kila uchotacho bila kuandika kinakuwa hasara isiyo na jina, na mwisho wa mwezi utamshuku binti wa watu unayefanya naye kazi.

Nikumbuke hapo hapo kuhusu huyo binti. Yule mama aliniambia uliwahi kumweleza kwamba kitambaa chake kilikatwa vibaya na mwanafunzi wako. Inawezekana ni kweli. Lakini mteja hakumlipa mwanafunzi, alikulipa wewe, na mkasi ulimpa wewe. Kosa likitokea humo ndani, mbele ya mteja ni la kwako. Ya ndani mtayamaliza mlango ukishafungwa. Hili lilinikera kuliko hata ile simu kuzimwa, nakwambia ukweli.

Baada ya karakana kufungwa, kama unavyojua, niliajiriwa kutunza stoo, wakanipeleka kusoma hesabu jioni. Mwalimu wetu alipenda kutusimulia habari za mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, aliyechapisha huko Venice mwaka 1494 maelezo ya namna wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza vitabu vyao. Walikuwa na madaftari matatu. La kwanza lilikuwa la kuandika kila kitu siku ile ile, kama kilivyotokea, bila urembo. Kupanga kulifuata kwenye yale mengine mawili. Nilimcheka mwalimu: zaidi ya miaka 500 imepita na bado mnatuletea habari za daftari? Lakini nilikuwa nacheka mimi niliyefilisika kwa kukosa hilo la kwanza. Hesabu za karakana nilizitunza kichwani, na kichwa, mwanangu, kinasamehe sana.

Kwa hiyo nunua daftari. Najua simu yako ina programu ya hayo mambo, tumia hiyo ukitaka, mradi iandikwe siku ile ile. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, andika sahihi pembeni. Usifute. Anayefuta huonekana anaficha hata asipokuwa na la kuficha.

Kule stoo mkaguzi alikuja mara moja kwa mwaka, siku moja tu. Kwa ajili ya siku hiyo nilihesabu misumari na makopo ya rangi miezi yote 12. Hakuwahi kunikuta na kosa la maana. Usidhani tabia yangu ilikuwa imebadilika. Nilijua tu kwamba kuna mtu atauliza.

Ndiyo maana narudia, nani anakuuliza? Tafuta mtu. Kila mwisho wa wiki akuulize mambo matatu: una pesa taslimu kiasi gani, umeshika advansi ya kazi ngapi ambazo hujazikabidhi, na wewe unadaiwa na nani. Umjibu kwa tarakimu. "Mambo si mabaya" si jibu. Asiwe rafiki wa kukusifia. Pengine fundi mwenzako, nawe umuulize ya kwake, muumbuane vizuri. Asiwe mimi, mimi nitakuonea huruma. Mama yako angefaa, lakini angekumaliza.

Na kazi ikikaribia kuchelewa, piga simu kabla ya siku yenyewe. Ukipiga wewe kwanza, unatoa taarifa. Ukisubiri upigiwe, unajitetea. Umpe tarehe mpya ambayo hata mashine ikiharibika utaifikia, si ile ya kumfurahisha. Ukiona huiwezi kazi, rudisha pesa. Kama huna pesa yote, sema utarudisha kiasi gani na lini, umwandikie kwenye karatasi, uweke sahihi. Biashara yako hujaiandikisha kama kampuni. Hakuna ukuta kati yake na wewe. Deni la mapazia ni deni lako, litakufuata mpaka chumbani.

Nasikia pia unawapunguzia bei marafiki. Piga hesabu kwanza. Kitu kilichokugharimu 80 ukikiuza 100, faida ni 20. Ukimpunguzia rafiki 10, hujapunguza sehemu ya kumi, umekata nusu ya faida, na itabidi ushone mawili ili upate ulichokuwa ukipata kwa moja. Basi, hilo la marafiki utaamua mwenyewe.

Mdogo wako anataka kuja kukusaidia likizo. Mimi sina neno, ila umlipe, na jina lake liwe kwenye daftari kama la mfanyakazi yeyote. Mama yako anaituma cherehani yake ya zamani pamoja naye. Mkanda umelegea. Anasema usimpe fundi yeyote kabla hujampigia yeye.

Halafu huyo huyo mdogo wako aliingia stoo ya nyuma akaniuliza kwa nini tusiuze lile kabati ambalo halijapakwa vanishi, linajaza nafasi bure. Nimemkatalia. Lina mwenyewe, alilipa nusu. Wiki hii nimeulizia, nikaambiwa alihama siku nyingi, lakini mwanawe yupo na namba yake nimeipata. Nimeiweka chini ya redio. Sijapiga bado. Kila nikishika simu nakumbuka kwamba betri haina chaji, na ninyi watoto mnajua betri yangu haiishi.

Namba ya mama wa mapazia nimeiandika nyuma ya karatasi hii, endapo uliifuta. Anasema mchana hupumzika, kwa hiyo mpigie asubuhi. Ukishampigia uniambie amesema nini, nami nitapiga ile iliyo chini ya redio.

Baba yako