Barua ya wazi kwa watafiti vijana wa Arusha na Moshi: kipimo kwanza, uwandani baadaye

Wanangu mlioko Tengeru, KCMC, Mwenge, Ushirika na vyuo vingine vya huku kwetu,

Marahaba nyote. Huu ni wakati wa maandiko ya utafiti, na wengi wenu mnakesha mkitafuta kichwa kizuri. Vichwa mnavipata. Kinachowaangusha ni ukurasa wa mbinu, pale mtu anapotakiwa aseme atapima nini hasa, kwa kifaa gani, kuanzia sifuri ipi, na ni matokeo gani yatakayomlazimisha akubali kwamba dhana yake haikuwa kweli. Ukurasa huo mnaunakili kwenye tasnifu ya mwenzenu wa mwaka juzi. Ninachowaomba ni kwamba uandikwe kabla ya utangulizi, na uandikwe na wewe mwenyewe.

Wanafizikia watasema hilo haliwahusu kwa sababu wao wanafanya nadharia. Basi watazameni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu kwenye jokofu na yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa kwanza. Alilishikilia swali lake hadi alipompata Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, wakati Mpemba anasoma chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu ya Moshi. Osborne alipima muda hadi barafu ilipoanza kuonekana, akitumia sentimita za ujazo 70 za maji katika bika ndogo, vile vikombe vya kioo vya maabara. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima muda wa maji kufika nyuzi 0, wakasema hawaoni ushahidi wa maana wa jambo hilo, na wakaonyesha kwamba kupandisha au kushusha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta tofauti ya bandia. Ukiwasoma kwa haraka utadhani wanabishana. Kwa kweli hawakupima kitu kimoja: maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, kwa hiyo kufika sifuri ni jambo moja na kuanza kuganda ni jingine.

Ukitaka kulirudia jaribio hilo, na ni jaribio zuri kwa shule yenye jokofu moja, pima uzito wa kila bika kabla na baada ili ujue maji yaliyopotea kwa mvuke. Kwangua utando wa barafu kwenye sakafu ya jokofu, la sivyo bika ya moto itauyeyusha na kukaa vizuri zaidi juu ya chuma baridi, nawe utakuwa umepima mguso badala ya maji. Usiweke ya moto na ya baridi kwa pamoja, kwani ya moto humpasha jirani yake. Vipimajoto vyote vikae kina kimoja. Kisha badilisha nafasi za bika na urudie mara nyingi, maana jaribio moja halithibitishi chochote.

Nadharia nayo ilikutana na swali hilohilo la kipimo. Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu mwaka 2017 kwamba mfumo ulioanza mbali zaidi na utulivu, yaani hali ya kulingana joto na mazingira yake, unaweza kuufikia mapema, ikiwa ile sehemu yake inayopoa polepole kuliko zote ni ndogo tangu mwanzo. Ili waseme hivyo ilibidi kwanza wachague namna ya kupima umbali kutoka kwenye utulivu. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wakaliona jambo hilo katika maabara, kwa chembe ndogo sana iliyokuwa ndani ya maji.

Mwaka huohuo wanafizikia wengi duniani walihamia kwenye milinganyo ya maambukizi. Kwenye karatasi ilikuwa kazi rahisi: ukisema mgonjwa mmoja huambukiza watu 2.5, kinga ya jamii inahitaji asilimia 60 ya watu wawe na kinga. Ukisema 4, inahitaji 75. Namba hizo zinadhani kila mtu ana nafasi sawa ya kukutana na mwingine, jambo ambalo si kweli kwa dereva wa lori anayesubiri Namanga na bibi aliyetulia kihambani, kwenye shamba lake la nyumbani, Kibosho. Kwetu takwimu za wagonjwa ziliacha kutangazwa kati ya mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa 509. Mchoro uliochorwa juu ya wiki sita zile unaweza kupinda upande wowote utakao, tena ukiongeza upimaji mara mbili, wagonjwa nao wataonekana kuongezeka hata kama ugonjwa umesimama palepale. Sema hivyo ukurasa wa kwanza, si kwenye tanbihi.

Kwenye kilimo wakati wa korona ndiko maandiko mengi yanakovunjika, kwa hiyo hapa nitakaa. "Mavuno yalipungua kwa sababu ya UVIKO-19." Yalipungua kutoka wapi? Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, hapahapa Arusha. Mkulima aliyepanda mahindi mwanzoni mwa Machi alikuwa amekwisha kununua mbegu na mbolea ya kupandia. Kama korona ilimgusa, ilimgusa kwenye vibarua wa palizi, mbolea ya kukuzia, dawa za viwavi au soko. Dodoso liulize kila hatua kivyake, kwa mwezi, na kila swali la 2020 liwe na pacha wake wa 2019. Ukiuliza tu "je, korona ilikuathiri?" kila mtu atakujibu ndiyo, kwa heshima.

Halafu yapo mengine yaliyotokea wakati uleule. Mvua za vuli za 2019 zilizidi kawaida katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa 2021 nzige wa jangwani waliingia mikoa yetu ya Kaskazini. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kisha ikalegeza kwa masharti. Mtafiti anayechukua bei ya mahindi ya Aprili 2021, akailinganisha na ya Aprili 2019 na kuandika "athari za korona", amechanganya mambo matatu au manne katika namba moja.

Njia ya kuyatenganisha ipo. Tafuta makundi mawili ya wakulima wa mteremko mmoja, wenye mvua ileile na wadudu walewale, ambao korona iliwagusa tofauti. Wapo waliolima mboga za kuuzia hoteli za watalii au maharage mabichi ya kusafirishwa kwa ndege, na wapo majirani zao wanaouza kwenye masoko ya Kilombero, Arusha, au Mbuyuni, Moshi. Chukua mauzo ya kila kundi kabla na baada. Tuseme, kwa mfano tu, wa hoteli walishuka kutoka 100 hadi 40, na wa sokoni kutoka 100 hadi 80. Kilichosababishwa na kufungwa kwa utalii ni 40, si 60, kwa sababu 20 ziliwapotea hata wasiouza hotelini. Ila hesabu hii inakubalika pale tu makundi hayo yalipokuwa yakienda sambamba kabla ya 2020, na hilo ulionyeshe kwa namba za 2018 na 2019.

Sasa vipimo vya shamba. Mkulima wetu hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa ndefu, kama sentimita 91, unapata ekari kamili, mita za mraba 4,047 au zaidi kidogo. Hatua ikiwa ya sentimita 75, shamba hilohilo "la ekari moja" ni mita za mraba 2,756, yaani theluthi mbili na kidogo. Mavuno kwa ekari yatakosewa kwa kiwango hichohicho, na hakuna programu ya takwimu itakayokuambia. Zunguka shamba na GPS. Kihamba kikiwa chini ya robo ekari, tumia futi kamba, maana GPS ya simu inayumba kwa mita kadhaa na kwenye kipande kidogo mita hizo ni nyingi.

Debe ni lita 20, lakini uzito wake hutegemea aina ya punje, unyevu, na kama limefutwa juu au limejazwa kwa kilele. Gunia la lumbesa ndiyo usiseme. Nenda na mizani ya kuning'iniza, pima madebe matano ya kijiji hicho na uandike wastani wake. Pima na unyevu. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 zina kilo 80 za punje kavu; ukiyakausha hadi asilimia 13.5 ya kuhifadhia, utabaki na kilo 92.5. Aliyehojiwa Julai na aliyehojiwa Septemba wanaweza kuwa wamevuna sawasawa, lakini karatasi yako ikasema mmoja kamzidi mwenzake.

Wengi siku zile walihoji kwa simu, na bado njia hiyo inatumika kwa sababu ni nafuu. Angalieni simu ni ya nani. Ukimpigia mume ukamuuliza mauzo ya ndizi, unamuuliza mtu asiyeuza ndizi. Kwa Wachaga walio wengi hilo ni soko la mama. Piga nyakati tofauti, ikiwemo jioni baada ya saa kumi na mbili, na usiifute namba kabla ya kujaribu angalau mara tano. Weka daftari la wasiopatikana na waliokataa, kwa kijiji, kwani hao ndio watakaokuambia sampuli yako imeelemea wapi.

Na jamani, fomula ya Yamane ya kupata ukubwa wa sampuli. Kata ya kaya 12,000, kosa la asilimia 5, jibu 387, na kila tasnifu inayo. Fomula hiyo inachukulia kwamba umechagua kaya moja moja kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Wewe umechagua vitongoji vinane kisha ukahoji waliokuwa nyumbani. Majirani hufanana, kwa hiyo wanakupa habari chache kuliko idadi yao. Ukianza na 387 hiyo na kuzidisha mara mbili kwa ajili ya vitongoji, unapata 774. Ukitarajia asilimia 10 kukosekana, gawanya kwa 0.9 upate 860. Kuzidisha kwa 1.1 kunakupa 851, na hao tisa ni wa kwako kuwatafuta.

Kwenye afya ya jamii nitachukua floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi hutia meno madoa, kwa sababu maji ya Mlima Meru hayatuachi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4. Kisima cha miligramu 3 kilikuwa "salama" kwa kiwango kimoja na si salama kwa kingine. Andika miligramu zenyewe.

Chukua maji kwa chupa ya plastiki, si ya kioo, na uisuuze mara tatu kwa maji hayohayo. Kwa kipimo cha elektrodi, kijiti kinachosoma floraidi kwa milivolti, changanya maji na bafa yake (myeyusho wa kutuliza hali ya maji) nusu kwa nusu, sampuli na myeyusho wa kulinganishia vyote, maana aluminiamu na chuma huishika floraidi na elektrodi haiioni mpaka bafa iiachilie. Vyote viwe na joto moja. Sampuli iliyotoka kwenye friji ikisomwa hapohapo itakudanganya. Kila ukikuza ukolezi mara kumi, usomaji ubadilike kwa milivolti kati ya 54 na 60. Ukipata 45, elektrodi imechoka au myeyusho umekosewa, usiendelee. Vyanzo vingine vya Arumeru huzidi miligramu 10, kwa hiyo weka na myeyusho wa kulinganishia wa miligramu 100. Rudi kiangazi na masika.

Maji peke yake hayatoshi. Magadi tunayolainishia makande na maharage hubeba floraidi pia, na ndiyo maana hata kaya zenye maji mazuri zinaweza kuwa na watoto wenye meno ya madoa. Pima gramu za magadi yanayoingia chunguni, na uhesabu walaji. Jino nalo ni kumbukumbu ya zamani: madoa kwenye meno ya mbele ya mtoto wa miaka 12 yalitokana na alichokunywa na kula miaka yake ya mwanzo, pengine kijiji kingine kabisa. Muulize mama waliishi wapi wakati huo. Kausha meno kwa pamba kabla ya kuyapima, na mtoto mmoja katika kila kumi akaguliwe tena na mtu wa pili asiyejua wa kwanza aliandika nini.

Vibali msivichelewe. Utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, au kamati ya chuo iliyoidhinishwa; kisha barua iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilayani, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Majina na namba za simu ziwe faili tofauti na majibu, na ifungwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na ninyi.

Mkimaliza, rudini kijijini kabla ya kuhitimu. Mama aliyeambiwa maji yake yana miligramu 6 atauliza afanye nini, na ni lazima uwe na jibu. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua sufuriani, floraidi inakolea. Chujio la mifupa iliyochomwa, kama lile lililofanyiwa kazi kituo cha Ngurdoto, linafanya kazi, ila mifupa iliyochomwa vibaya hutoa maji ya harufu na rangi, na likishajaa halichuji tena ingawa maji yanaendelea kutoka masafi machoni. Kwa hiyo waachie ratiba ya kupima maji yanayotoka na jina la atakayepima. Maji ya mvua au ya chanzo chenye floraidi ndogo, yakiwa machache, yaende kwanza kwa watoto walio chini ya miaka 8, ya kunywa na kupikia tu. Ya kufulia yaendelee kutoka kisimani.

Ni mimi mzee wenu,
Moshi